Coyote Roller: rola ya juu ya uzio kwa wenye mbwa wadogo Marekani

Koyote, yule ndugu wa mbweha anayezurura hadi katikati ya Chicago na Los Angeles, mara nyingi haruki uzio mrefu kwa mkupuo mmoja. Hudaka ukingo kwa miguu ya mbele, kisha hujisukuma kwa ya nyuma. Rola hii inaharibu hatua hiyo ya kudaka. Ni bomba la alumini lenye mifuo, vipande vya futi 4, linalozunguka juu ya uzio; akilishika linazunguka naye anarudi chini. Halitaki umeme, halimjeruhi, na humzuia pia mbwa wako kutoroka. Wenye husky, mbwa wanaojulikana kwa kutoroka, watashukuru.

Sharti ni uzio wa futi 6. Ukiwa mfupi kuliko hapo, hela yako imekwenda bure.

Kufunga si kazi ngumu: drili, bisibisi, pimamaji na mtu wa kushika upande wa pili. Ukimaliza, zungusha kila kipande kwa kidole. Kikikwama, mabano yanayoshikilia rola hayako kwenye mstari mmoja. Makosa makubwa huwa kwingine kabisa: geti limesahauliwa, nguzo ya matofali ina kichwa bapa cha kukanyaga, au pipa la taka na rundo la kuni vimeegemezwa ukutani. Mtambaazi ukiota juu ya rola, haizunguki tena.

Fundi wa nyumbani anaweza kutumia bomba la plastiki la inchi 3, ndani yake la inchi 1, na waya wa chuma katikati. Ni rahisi na linafanya kazi, ila waya hulegea na jua hukausha plastiki mpaka ipasuke. Kama bajeti inaruhusu, chukua alumini.

Chini ya uzio rola haisaidii kitu, na koyote anachimba. Laza wavu wa chuma kuelekea nje, upana wa sentimita 45 hivi, uufukie.

Kwenye matembezi pia rola haikulindi. Mbwa mdogo kama Chihuahua kwa koyote ni kitoweo. Mbwa mkubwa ni mpinzani, hasa Januari hadi Machi wanapopandana, na majira ya kuchipua wakiwa na watoto pangoni. Tumia kamba ya futi 6, siyo ile ya kujikunja. Ukikutana na koyote, mbebe mbwa mdogo, piga kelele, rudi kinyumenyume bila kukimbia.