Kabla hujanunua usukani fikiria breki: seti ya mbio za simuleta nyumbani, nini kianze nini kifuate

Kila mtu akitaka kuanza mbio za simuleta, yani mbio za magari za kwenye gemu unazoendesha kwa usukani na pedali, swali la kwanza ni hilohilo, ninunue usukani gani, na mi kabla sijajibu huwa nauliza breki utakanyaga ipi na utakaa kwenye kiti gani, maana nimeshaona watu wanamaliza hela yote kwenye mota kubwa, ile inayousukuma usukani mkononi, halafu pedali zinateleza sakafuni mpaka ukutani na muda wa mzunguko unabaki palepale. Mikono inasikia gari, sawa, na utamu wake ni mkubwa sana, ila sekunde zinapatikana kwenye mguu wa kushoto, ule wa breki. Kwa hiyo orodha hii nimeipanga kwa kuangalia jambo moja: ukinunua hiki, je unabaki na nafasi ya kuweka breki nzuri, leo au baadaye?

Kwanza jua unachezea wapi. PC inakubali karibu kila kitu, unachomeka USB unaweka programu unaendesha. Konsoli, yani PlayStation na Xbox, hazitaki hivyo, usukani lazima uwe na leseni ya konsoli yenyewe, na hapa ndipo watu wanapoteza hela kizembe kabisa. Logitech G29 ni ya PlayStation na PC, G920 inafanana nayo sana ila ni ya Xbox na PC. Thrustmaster T300 RS ni ya PlayStation, ndugu yake wa Xbox anaitwa TX. Moza R5 ni ya PC tu. Fanatec wao wana utaratibu wao, leseni ya PlayStation inakaa kwenye mota yenyewe lakini ya Xbox inakaa kwenye duara la usukani unalolifunga mbele, kwa hiyo ukibadilisha duara unaweza kujikuta Xbox haikutambui tena. Soma boksi mara mbili kabla ya kulipa.

Namba moja: dairekti draivu ndogo, nyuton-mita (kipimo cha nguvu ya kuzungusha usukani) kama 4 hadi 9

Dairekti draivu maana yake duara la usukani limefungwa moja kwa moja kwenye shafti ya mota, hamna gia katikati hamna mkanda, kwa hiyo tairi la mbele likianza kupoteza mshiko unasikia saa hiyohiyo, usukani unakuwa mwepesi mkononi kabla hata macho hayajaona gari linatoka nje. Zamani kitu hiki kilikuwa cha matajiri, ila tangu Fanatec walete CSL DD mwaka 2021 na Moza wakafuata na R5 mambo yamebadilika kabisa. CSL DD inatoa nyuton-mita 5, ukiibadilishia pawa saplai kubwa inafika 8. Moza R5 inatoa 5.5, na inauzwa kama kifurushi, mota, usukani na pedali ndani ya boksi moja. Kama we ni wa PlayStation angalia Gran Turismo DD Pro ya Fanatec au Thrustmaster T598, ya Xbox ipo Moza R3 yenye 3.9, na Logitech nao wameleta RS50 yenye 8.

Ningekuwa naanza leo na PC ningechukua daraja hili bila kufikiria mara mbili. Nguvu inatosha, haikuumizi mabega ukiendesha saa nzima, na kikubwa zaidi unanunua mfumo unaokua: duara unabadilisha, pedali unabadilisha, mota inabaki. Zile pedali nyepesi zinazokuja kwenye kifurushi chukua tu kama za kuanzia, akili yako iwe inajua zitatoka.

Namba mbili: Logitech ya gia, ikiwezekana ya mtumba, pamoja na breki ya maana

Najua wapo watakaoshangaa naiweka juu ya zile za mkanda. G29 ipo tangu 2015, G923 ikaja 2020, zote zinazunguka nyuzi 900 na nguvu yake ni nyuton-mita 2 na kidogo, yani kiduchu, na gia zake unazisikia zinagongana ukipita kwenye kingo za barabara, kaka kaka kaka. Lakini ni ngumu kama jiwe, vipuri na maelezo ya kutengeneza yapo tele, na kwa sababu watu wengi wananunua halafu wanapanda daraja, za mtumba hazikosekani. Sasa kwenye PC pedali si lazima zipite kwenye usukani, unaweza kuacha usukani wa Logitech na kuchomeka pedali za kampuni nyingine kwa USB yake, gemu linaziona kama vifaa viwili na linakubali. Mtu mwenye G29 ya mtumba na breki ya lodi seli, ile inayopima nguvu ya mguu, nitaieleza chini, atamsumbua sana yule mwenye mota kubwa na breki ya kitoto, hili nimeliona kwa macho yangu mara nyingi. Kwenye konsoli ujanja huu haufanyi kazi, pedali lazima zipite kwenye usukani unaozikubali.

Ukinunua ya mtumba iwashe mbele ya muuzaji, iache ijizungushe kushoto kulia mpaka isimame katikati, halafu kanyaga kila pedali polepole huku unaangalia mstari kwenye skrini. Mstari ukirukaruka ujue potenshometa, kile kidude kinachopima pedali imeshuka kiasi gani, imechafuka au imekwisha. Inasafishika, ila punguza bei.

Namba tatu: za mkanda

T300 RS na TX. Laini kuliko gia, kimya, T300 inazunguka mpaka nyuzi 1080 na TX mpaka 900, duara linatoka. Kwa miaka mingi ndizo zilikuwa jibu la kati na bado ni nzuri, mota tu ikipata moto feni inaamka na nguvu inalegea kidogo kwenye mbio ndefu. Ukizipata kwa bei nzuri chukua, na Thrustmaster wana pedali za T-LCM zinazoingia humo moja kwa moja hata kwenye konsoli. Mpya kwa bei kamili sishauri, kwa kuwa dairekti draivu ndogo zimeshasogea karibu.

Namba nne: mota kubwa, nyuton-mita 11 kwenda juu

Logitech G Pro ina 11, Moza R12 ina 12, Simucube 2 Sport ina 17 na Ultimate inafika 32. Ni vyombo vitamu mno, undani wa barabara unaousikia humo haupatikani kwingine. Nimeviweka chini kwa sababu ni ununuzi wa pili, sio wa kwanza. Ukifunga kitu hicho kwenye meza ya kawaida meza inacheza, skrini inacheza, na nusu ya kile ulicholipia kinaishia kwenye mbao. Halafu kuna usalama, gari likigonga ukuta usukani unaruka kwa nguvu na kidole gumba kikiwa kimejibana kwenye spoki unaumia kweli, kwa hiyo zoea kuachia mikono kabla ya kugonga kama madereva wa magari halisi wanavyofanya.

Namba ya mwisho kabisa ni zile sukani zenye raba au springi ndani, zisizo na mota, zinazojirudisha katikati tu. Hazikuambii chochote kuhusu gari. Bora uendelee na kontrola ya mkononi uweke akiba.

Sasa breki

Pedali za kawaida zinapima umbali, yani mguu umeshuka kiasi gani. Lodi seli inapima uzito uliouweka, pedali inasogea kidogo tu halafu inakuwa ngumu na kinachohesabiwa ni nguvu ya mguu. Gari halisi liko hivyohivyo, breki ya mafuta ukishaikanyaga ikakaza kinachobaki ni nguvu tu.

Tofauti yake ipo hapa. Chukua Monza, njia ya mbio ya Italia, unashuka mstari wa kuanzia na gari la mbio la daraja la GT3, kasi imepita kilomita 250 kwa saa, mbele ni kona ya kwanza, Rettifilo, kulia halafu kushoto, imebana vibaya. Unakanyaga yote kwa mara moja, ABS, ule mfumo unaozuia matairi yasijifunge, inakamata, na kadri kasi inavyopungua unaachia, na unapoanza kukata kulia mguu bado uko kwenye breki, asilimia 30, 20, 10, ili uzito ubaki kwenye matairi ya mbele yaendelee kung'ata. Kwa pedali ya kupima umbali, hiyo kutoka 30 mpaka 10 ni kaumbali kadogo sana na mguu hauna kumbukumbu ya umbali, mzunguko huu unaachia mapema pua inakwenda nje, unaofuata unachelewa na mkia unakupita. Nguvu ndiyo mguu unaikumbuka. Mi nilipohamia lodi seli siku mbili za kwanza nilikuwa mzito kuliko zamani, kila kona nafunga matairi, siku ya tatu nikashangaa mizunguko kumi inafuatana na karibu yote inalingana. Kasi yenyewe ilikuja baadaye, kulingana ndiko kulikuja kwanza.

Za kuangalia: T-LCM ya Thrustmaster, inasoma mpaka kilo 100 na ina springi za kubadilisha, CSL Pedals za Fanatec ukiziongezea lodi seli yao, Moza SR-P, na ukiwa na uwezo Heusinkveld Sprint kutoka Uholanzi ambazo wengi wakishanunua hawatafuti tena. Klachi sio lazima mwanzoni, magari ya mbio ya kisasa unabadilisha gia kwa vidole nyuma ya usukani, pedali mbili zinatosha kabisa. Ukishaifunga usiweke asilimia 100 kwenye nguvu yako yote, iweke pale unapoweza kukanyaga mara mia bila paja kutetemeka, hiyo ndiyo yako.

Utaifunga wapi

Lodi seli inaomba kitu kisichosogea. Kiti cha ofisi chenye magurudumu ukikanyaga kilo 40 kinarudi nyuma na we unarudi nacho. Kama huna nafasi wala hela ya fremu, toa magurudumu au yakalishe ndani ya viatu vya zamani, pedali ziegemee ubao ulioegemea ukuta, na funga mkanda imara kutoka kwenye pedali mpaka mguu wa kiti, ukikanyaga mkanda unavuta kiti na hakuna kinachokwenda popote. Mi niliishi na mkanda wa kufungia mizigo zaidi ya mwaka na mbio nilizomaliza salama humo sizihesabu.

Hatua inayofuata ni stendi ya kukunja, halafu kiti cha kukunja kama Playseat Challenge ambacho unakiweka nyuma ya mlango ukimaliza, kinafaa sana mwenye chumba kimoja, ila breki ngumu sana kinapinda kidogo. Juu ya hapo ni fremu ya alumini, zile boriti zenye mfereji za milimita 40 kwa 40 au 40 kwa 80, unakata unafunga kwa bolti za M8 na nati zinazoteleza ndani ya mfereji. Uzuri wake hauishi, leo unaongeza gia ya mkono kesho breki ya mkono ya rali, unalegeza nati unasogeza. Ukiniambia nikuchagulie kati ya mota kubwa na fremu ya alumini, nunua fremu.

Skrini na magemu

Skrini moja inatosha kuanza, ila isogeze karibu, nyuma ya usukani kabisa, na upige hesabu ya uwanja wa kuona, yani gemu likuonyeshe nyuzi ngapi za mandhari, usiache namba ya kiwandani. Skrini ya inchi 27 ikiwa sentimita 60 kutoka machoni inakupa nyuzi kama 53 kwa upana, na gemu linalopima kwa urefu, kama Assetto Corsa, unaandika 31. Mwanzoni utaona kama unachungulia dirishani, vumilia wiki moja, kona zitaanza kuonekana umbali wake wa kweli na breki utaikanyaga pale inapotakiwa. Skrini tatu ni nzuri mno kwa kuona jirani ubavuni, miwani ya VR ni nzuri zaidi kwa kina cha kona, ila zote mbili zinaitaka kadi ya picha yenye misuli, na VR wengine inawatia kichefuchefu kwa hiyo azima kwanza kabla hujanunua.

Magemu sitakaa sana. PlayStation ni Gran Turismo 7. PC yenye nguvu ndogo anza na Assetto Corsa ya 2014, ya magari ya GT3 chukua Assetto Corsa Competizione, RaceRoom unaipakua bure ujaribu vifaa vyako, na kama unataka mbio za watu wenye nidhamu kila saa iRacing ipo tangu 2008, unalipia kama uanachama na kila unapogonga mtu au kutoka nje ya barabara alama zako za usalama zinashuka, ndiyo maana watu kule wanaachiana nafasi kwenye kona ya kwanza.

Siku ya kwanza usukani ukifika shusha nguvu mpaka nusu, chagua gari moja la polepole na njia moja fupi, halafu fungua programu inayoonyesha mstari wa breki. Mstari unatakiwa upande kama ukuta na ushuke kama kilima.