Warsha ya uchoraji wa Tingatinga kwa wanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili: uzoefu wangu

Shuleni kwetu uchoraji haumo kwenye ratiba. Tuna klabu tu, ya wanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili, wengi wao wa miaka 13 na 14. Umri huo una shida yake, na kila anayefundisha sanaa anaijua. Mtoto wa darasa la pili ukimpa karatasi anaijaza jua, nyumba na mama yake bila kuuliza swali. Huyu wa kidato cha kwanza ameshaanza kujipima na jirani yake: anachora, anafuta, anakunja karatasi, halafu anakwambia hajui kuchora. Nilitaka kazi isiyoanza na penseli na kifutio, ndipo nikamwita fundi wa Tingatinga, mtindo wa uchoraji wa Tanzania ulioitwa kwa jina la mwanzilishi wake, mmoja wa wachoraji wanaouza kazi zao hapa Dar es Salaam, aje kutufundisha Jumamosi.

Tulikubaliana shilingi 15,000 kwa mwanafunzi, vifaa vyote vikiwa juu ya fundi: rangi, brashi, thina, na kipande cha hadibodi (ubao mwembamba wa kuchorea) cha sentimita 30 kwa 30 kwa kila mmoja. Kwa wazazi wetu hizo si hela ndogo, kwa hiyo nilikuwa na kila sababu ya kuangalia kama zinarudi.

Kabla ya kushika brashi fundi aliwasimulia habari za Edward Saidi Tingatinga, na sehemu hiyo peke yake ningeilipia. Mtu wa Tunduru, aliyepitia mashamba ya mkonge ya Tanga kabla ya kufika mjini, akaanza kuchora mwaka 1968 bila kukanyaga shule ya sanaa. Alitumia alichokipata: hadibodi na rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli. Picha zikauzwa pale kwenye maduka ya Morogoro Stores, Oysterbay, hapa Dar es Salaam. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu anayetoroka, akafa. Miaka minne tu ya kuchora! Lakini alikuwa ameshawafundisha ndugu na jamaa zake, akina Simon Mpata, January Linda na Kasper Tedo, nao wakafundisha wengine, hadi mwaka 1990 kikasimama chama chao cha ushirika. Watoto walinyamaza kabisa. Mmoja akauliza kama ile rangi ya baiskeli bado inauzwa. Fundi akainua kopo: "Hii hapa, mwanangu."

Sasa kazi yenyewe. Tingatinga inakwenda kwa matabaka, na hapo ndipo ilipowafaa watoto wangu. Kwanza unapaka mandhari ya nyuma. Fundi alimimina bluu na nyeupe juu ya mfuniko wa kopo, akaanza na bluu juu, nyeupe chini, na rangi zikiwa bado mbichi akapitisha brashi pana kulia na kushoto mpaka usione zilipokutania. Mwanafunzi mmoja alibaki nyuma: "Fundi, mimi sijui kuchora." Akajibiwa, "Nani amekwambia uchore? Wewe paka." Akapaka. Saa moja baadaye kila mtu alikuwa na anga lake, na hakuna aliyekuwa ameshindwa, maana mandhari haina namna ya kushindwa.

Rangi ya mafuta inataka siku nzima au zaidi ikauke vizuri, kwa hiyo kukutana mara moja kwa wiki kunalingana nayo. Wiki inayofuata unaweka umbo la mnyama kwa rangi moja, bila kivuli. Likikauka ndipo unaingia kwenye mapambo: nukta, manyoya, magamba, jicho. Ukikosea, unangoja pakauke, unapita juu yake.

Kuna binti alichagua ndege kanga. Mwili mweusi ulikuwa tayari, bado madoadoa, na alikuwa ameshika brashi kama kalamu, nukta zinatoka na mikia. Fundi akaigeuza brashi, akachovya kitako cha mpini kwenye rangi nyeupe, akagusa ubao na kuinua wima. Nukta ikakaa, duara kamili, imevimba kidogo. Akamwonyesha kwamba kila unapogusa bila kuchovya tena nukta inapungua, basi anzia tumboni kwa kubwa na uelekee shingoni zikiwa ndogo. Penye shingo alitumia njiti ya kiberiti, na akamfundisha kuuzungusha ubao badala ya kuupinda mkono. Yule ndege ukimtazama sasa, manyoya yake yanakwenda.

Kuna jambo halikunifurahisha. Siku ya umbo fundi alikuja na karatasi za kunakilia, zote twiga mmoja na Mlima Kilimanjaro nyuma yake. Ndiyo picha inayonunuliwa na watalii, na kwake ni kazi ya kila siku, lakini watoto hawakuja kutengeneza bidhaa. Nilimvuta pembeni nikamwomba aziweke kando, na nashukuru alinielewa. Alichora ubaoni namna ya kujenga mnyama yeyote: yai la mwili, shingo, miguu, mkia. Baada ya hapo kila mtu akaenda zake. Tulipata mbuni wawili wanaogombana, mbuyu wenye popo, na kijana wa Kigamboni akachora pantoni imejaa samaki waliosimama kama abiria, mmoja amebeba ndoo kichwani. Hiyo pantoni ndiyo picha bora ya klabu tangu niianzishe, na isingezaliwa kwenye karatasi ya kunakilia.

Usalama ni suala nililolishikia bango. Rangi hii na thina vina harufu kali, hivyo tulifanyia kazi nje, chini ya mwembe, na thina aliishika fundi au mimi. Soma kopo kabla hujanunua, chagua rangi iliyoandikwa kuwa haina madini ya risasi. Kwa watoto hakuna kiwango salama cha madini hayo. Rangi ikiingia kwenye sare haitoki, waje na fulana kuukuu. Mikononi tulitoa kwa mafuta ya kula kisha sabuni.

Kama una chumba cha ndani tu, au una mtoto mwenye pumu, tumia rangi za akriliki. Zinayeyuka kwa maji na kukauka upesi. Ila upesi huo huo unakunyima nafasi ya kuchanganya anga taratibu, na ule mng'ao wa rangi ya mafuta hutaupata.

Kwangu hela imerudi, na muhula ujao namwita tena. Ukitaka kumwalika fundi shuleni kwako, mwulize mapema kama watoto watachagua wenyewe cha kuchora, na usikubali warsha ya siku moja: mtalazimika kuweka tabaka juu ya rangi mbichi, na nukta zote zitachafuka. Tafuta pia chumba chenye kufuli na meza za kutosha, kwa sababu vibao vibichi havipangwi kimoja juu ya kingine.