NeST na sheria mpya ya ununuzi wa umma: tathmini ya mkandarasi wa daraja la tano

Kampuni yetu hujenga majengo, imesajiliwa daraja la tano na Bodi ya Usajili wa Makandarasi ya Tanzania, na kazi zake karibu zote hutoka serikalini: vyumba vya madarasa, zahanati, nyumba za walimu, matundu ya vyoo. Mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, NeST, ndio mlango wetu wa riziki tangu ulipoanza kutumika Julai 2023 na kuchukua nafasi ya mfumo wa awali, TANePS. Nimeona niutathmini pamoja na Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya 2023, iliyoanza kutumika tarehe 17 Juni 2024, na kanuni zake zilizoanza tarehe 1 Julai mwaka huohuo, kwa sababu mfumo na sheria hii havitenganishiki. Sheria imeufanya ununuzi kupitia mfumo kuwa wajibu wa taasisi nunuzi, na mfumo nao ndio unaotunza kumbukumbu ambazo mzabuni atazihitaji siku atakapoitafuta haki yake.

Wasiokumbuka hali ilivyokuwa zamani hawawezi kujua tumetoka wapi. Zabuni ya wilayani iliandaliwa kwa nakala halisi moja na nakala nyingine mbili au tatu, kila ukurasa umesainiwa na kugongwa muhuri, kisha bahasha zikafungwa kwa lakiri na mtu akapanda basi usiku ili asubuhi, kabla ya saa nne, aitumbukize katika sanduku la zabuni. Basi likiharibika njiani, gharama na matumaini yote yalipotea pamoja. Leo tunapakia nyaraka tukiwa ofisini, na muda wa kuwasilisha ukifika zabuni hufunguliwa ndani ya mfumo, bei za washindani zikaonekana bila mtu kuomba hisani ya mtu. Kwa mkandarasi mdogo aliye mbali na makao makuu ya taasisi nunuzi, hili peke yake ni badiliko kubwa, nami nalipatia alama za juu kabisa.

Usajili nao umerahisishwa kwa kiasi kikubwa. Mfumo unasomana na taasisi nyingine za serikali, hivyo taarifa za BRELA (wakala wa usajili wa biashara), namba ya mlipakodi na usajili wa kitaaluma hazitegemei tena nakala kivuli zilizothibitishwa na wakili kila zabuni inapotoka. Wasifu wa kampuni hujazwa mara moja, kisha huhuishwa. Hata hivyo mwenye kampuni asimwachie mtu wa duka la steshenari kazi hiyo. Nimeona kampuni ambazo nywila zao na barua pepe zao za usajili ziko mikononi mwa kijana aliyewajazia fomu, na siku zabuni inapokaribia kufungwa simu yake haipatikani.

Sehemu ya sheria iliyotugusa zaidi ni ile ya malalamiko. Zamani mzabuni alikuwa na siku saba za kazi kupeleka malalamiko kwa afisa masuuli, yaani mtendaji mkuu wa taasisi nunuzi, baada ya kupata taarifa ya kusudio la kumpa mtu zabuni. Sasa ni siku tano za kazi. Afisa masuuli naye hutoa uamuzi wake ndani ya siku tano za kazi, na mzabuni asiporidhika ana siku tano nyingine za kukata rufaa kwenye Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma, ambayo muda wake wa kutoa uamuzi umepunguzwa kutoka siku 45 hadi 40. Lengo ni miradi isikwame, na ni lengo jema, kwa kuwa zahanati iliyosimama kwa ajili ya mvutano wa makandarasi inawaumiza wanakijiji ambao hawakuhusika. Lakini siku mbili zilizopunguzwa ni nyingi mno kwa kampuni ya watu wanne.

Nitaeleza kilichotupata. Mwaka jana tuliomba kazi ya kujenga jengo la wagonjwa wa nje katika wilaya ambayo sitaitaja. Taarifa ya kusudio ilitoka Ijumaa alasiri, ikaingia kwenye barua pepe ya mhasibu wetu, ambaye jioni ile alisafiri kwenda msibani. Aliifungua Jumatano. Sababu ya kuondolewa kwetu iliandikwa kwa mstari mmoja: hatukuthibitisha uzoefu wa kazi mbili zinazofanana na hiyo. Hati mbili za kukamilisha kazi zilikuwemo, tumezipakia wenyewe, na mfumo ulionyesha tarehe na saa tulipoziweka. Siku tatu kati ya tano zilikuwa zimekwisha. Tulikaa Alhamisi hadi usiku wa manane tukiandika malalamiko, tukitaja kigezo kwa kigezo kama kilivyo katika nyaraka za zabuni na mahali hati zetu zilipo, na Ijumaa asubuhi tukayawasilisha. Afisa masuuli alikubali hoja yetu, akaagiza tathmini irudiwe. Kazi hatukuipata, kwa sababu kampuni nyingine ilikuwa na bei nafuu kuliko yetu na ilitimiza vigezo vyote. Tuliyapokea matokeo hayo bila kinyongo, kwa kuwa safari hii tulishindwa kwa bei tuliyoiandika wenyewe.

Hapo ndipo ninapouona uzito wa mfumo. Zamani hati ikidaiwa kuwa haimo kwenye bahasha, ilikuwa neno lako dhidi ya neno la kamati ya tathmini, na kamati ndiyo iliyoshika bahasha. Sasa hati ina saa yake. Rufaa nazo huwasilishwa kwa njia ya kielektroniki, hivyo mkandarasi wa Kigoma halazimiki kusafiri hadi Dodoma kwa ajili ya kupeleka makabrasha, na asiporidhika na uamuzi wa Mamlaka ya Rufani, Mahakama Kuu bado iko wazi kwake.

Kuhusu upendeleo kwa wazawa, ukomo wa miradi ya ujenzi inayotengwa kwa kampuni za ndani umepandishwa kutoka shilingi bilioni 10 hadi bilioni 50. Ni hatua ya kujivunia, na wakubwa wa daraja la kwanza na la pili wanastahili kuishangilia. Sisi wa madaraja ya chini hatukuwahi kushindana na kampuni za nje kwenye kazi za shule ya kata, hivyo faida yetu itakuja pale tu ambapo wakubwa hao watatushirikisha kama makandarasi wasaidizi kwa mikataba ya maandishi na malipo ya wakati. Asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi inayotengwa kwa vikundi vya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu naona ina manufaa ya karibu zaidi, hasa kwa vikundi vya useremala vinavyoweza kutengeneza madawati na milango.

Alama ninazopunguza ni za baada ya mkataba kusainiwa. Hadi kutia saini, kila hatua ina tarehe na kila upande unajua zamu ni ya nani. Kazi ikianza, mwendo hubadilika. Hati ya madai husubiri ukaguzi, ukaguzi husubiri gari, na idhini ikipatikana malipo husubiri fedha ziingie, wakati mkandarasi ameshakopa saruji na nondo dukani na mafundi wanadai ujira wa Jumamosi. Ningependa kila hati ya madai ionyeshwe kwa uwazi uleule wa zabuni: ilipokelewa lini, iko mezani kwa nani, imekaa siku ngapi. Sheria iliyombana mzabuni kwa siku tano ina nguvu ya kumbana na anayedaiwa.

Kwa jumla naupa mfumo, pamoja na sheria inayoubeba, alama nane kati ya kumi kwa upande wa kuomba kazi na kupinga uamuzi, na tano kwa upande wa malipo. Naupendekeza kwa moyo wote kwa kampuni changa ambazo bado zinaogopa kazi za serikali kwa kudhani kwamba lazima kumjua mtu. Kabla ya kuomba, someni sehemu ya vigezo vya tathmini mara mbili, pakieni nyaraka siku mbili kabla ya mwisho badala ya dakika za mwisho ambapo mtandao hulemewa, na hakikisheni taarifa za mfumo zinasomwa na watu wawili kila siku ya kazi. Ofisini kwetu tumeweka kalenda ukutani, juu ya meza ya mhasibu. Taarifa ya kusudio ikiingia, siku tano zinazofuata huzungushiwa wino mwekundu papo hapo, Jumamosi na Jumapili zikirukwa.