Upinde wa elfu 40 wa Iringa: mti uko poa, mishale yake achana nayo

Kamwene wadau. Kila siku mtu anauliza upinde mrefu wa bei nafuu anapata wapi, jibu langu ni kwa fundi wa kijijini, ila chukua upinde peke yake, mishale tafuta kwingine. Wangu nimenunua kwa mzee mmoja nje kidogo ya mji njia ya Kalenga, alianza na 60,000 tukaishia 40,000 na akaniongezea podo la ngozi limechakaa lakini linabeba. Napiga shabaha tu, gunia limeshindiliwa matambara nyuma ya nyumba, na kabla hamjaanza, kuwinda bila kibali ni kesi, kwaio usijipitishe nao huko Ruaha ukasema nilikutuma mimi. Majirani wananiuliza kama narudisha vita ya Lugalo ya 1891, ile ya Wahehe na Wajerumani, nawaambia Wahehe pale walienda na mikuki na bunduki.

Haya, upinde wenyewe. Mti ni mkole, fito moja nzima, urefu futi tano na nusu, katikati umenenepa unajaa mkononi alafu unapungua kwenda ncha zote mbili. Kilichonitoa hela ni mgongo wake, yani ule upande unaoangalia shabaha, mzee hajaugusa na panga kabisa, katoa ganda tu akachonga kwa tumboni. Hapo ndo pa kukagua kabla hujauliza hata bei, maana nyuzi za mti zikishakatwa mgongoni ipo siku utavuta upasukie hapohapo usoni kwako. Kulikuwa na mwingine umepigwa vanishi unang'aa kama kiatu cha bwana harusi, nikaugeuza nakuta mgongo umepitishwa randa na kifundo kimekatwa katikati, nikaurudisha ukutani kimyakimya.

Ukishafunga uzi usimame mbali uangalie pande zote mbili zinavyokunjika. Wangu upande wa chini ni mgumu kidogo, nikamuuliza mzee mbona hivi, akasema "mwanangu, mkono wako unashika chini ya mshale, huo wa chini ndo unabeba mzigo, ukilingana na wenzake utachoka mapema". Nikanyamaza, anajua kazi yake.

Nguvu nilipima kwa mzani wa ndoano, ule wa kupimia kuku, nikavuta uzi mpaka inchi 28 ikasoma kilo 15, sawa na paundi 33 hivi. Kwa anaeanza chukua kati ya 25 na 35 basi. Vijana wakisikia 33 wanacheka, wanataka 60, alafu ukimpa hiyo 60 anavuta nusu bega linatetemeka mshale unaenda kwa jirani. Zile pinde za Waingereza zilizokutwa kwenye meli ya Mary Rose iliyozama 1545 nyingi zinakadiriwa kupita paundi 100, ila wale walikuwa wanazoezwa toka utotoni, we umeanza jumamosi.

Sasa malalamiko. Uzi aliofunga ni nailoni, unarefuka kila ukivuta, asubuhi uko sawa mchana umelegea. Nimebadilisha nikasokota wa poliesta nikaupaka nta ya nyuki, shida ikaisha. Ukifunga, kati ya mshikio na uzi iingie ngumi yako na dole gumba limesimama, hicho kipimo kinatosha.

Mishale ndo hovyo kabisa. Sita kwa 10,000, na hakuna miwili inayofanana, mmoja mnene mwingine kama kijiti cha mishikaki, manyoya mengine ya bawa la kulia mengine la kushoto yamechanganywa kwenye mshale huohuo. Kwa mtu wa mkono wa kulia, mshale mgumu mno kwa upinde wako unaenda kushoto, ulio laini mno unaenda kulia, kwaio ukiwa na mchanganyiko huo utajilaumu bure kumbe vijiti. Nilimpelekea seremala mabaki ya paini ya Mafinga yenye nyuzi zilizonyooka, akaniranda fito za unene mmoja kwa 2,000 kila moja, manyoya nikabandika mwenyewe. Upinde uleule, mishale sasa inakaa pamoja kwenye gunia.

Pinde za nje za faibaglasi ni nzuri, hazisumbuliwi na unyevu, ila ukijumlisha usafiri na ushuru bei inakimbia, na huu wa mkole unachotaka ni mafuta kidogo, kufungua uzi ukimaliza, na kutouning'iniza juu ya jiko hasa hii Juni Julai hewa ilivyo kavu. Na usiuvute ukaachia bila mshale, wala usimruhusu shemeji ajaribu hivyo.

Upinde nampa 8 kwa 10, mishale 2. Kama kuna anaemjua fundi wa Njombe au Tukuyu anaetumia mianzi aniambie, mradi isizidi 50,000 na asinibebeshe mishale.