Uchambuzi wa Flashi ya Uokoaji Niliyoiandaa kwa Kazi za Fundi wa Kigoma

Ndugu watazamaji, karibuni tena mezani kwangu hapa Mwanga, Kigoma. Flashi mnayoiona mkononi mwangu ni ya GB 32, na ndani yake mna mfumo endeshi kamili unaoweza kuiwasha kompyuta ambayo Windows yake imegoma, pasipo kuandika chochote kwenye diski ya mwenye mali. Kuitengeneza hakuchukui muda mrefu, lakini nimejifunza kazini kwamba ikiachwa vilevile ilivyopakuliwa, hukwama mbele ya mashine tunazoletewa sisi wa mwambao huu wa Ziwa Tanganyika. Kwa hiyo leo nitachambua zaidi yale niliyoyabadilisha.

Msingi wake ni Ventoy, programu huria iliyotoka mwaka 2020. Unaisakinisha mara moja, hatua ambayo hufuta kila kilichokuwemo kwenye flashi, kisha mafaili ya ISO, yaani mafaili yenye nakala ya mfumo mzima wa kuwashia, unayanakili kama unavyonakili picha, na kompyuta ikiwashwa kupitia flashi hiyo inakuletea orodha uchague. Yangu ina SystemRescue ya uokoaji, Clonezilla ya kunakili diski nzima, na kisakinishi cha Windows. Sehemu kuu ya flashi hupangwa kwa exFAT, moja ya mitindo ya kupanga mafaili, na hivyo faili linalozidi GB 4, ambalo mtindo wa zamani wa FAT32 ungelikataa, linakaa bila taabu. Hapo sina la kulalamikia.

Kazi yenyewe hufanywa na SystemRescue, mfumo wa Linux ambao tangu toleo la 6, mwaka 2019, umejengwa juu ya Arch, mojawapo ya matoleo ya Linux, nao huja na ddrescue ya kunakili diski mbovu, TestDisk na PhotoRec za kurejesha vilivyopotea, na GParted ya kugawa diski. Tatizo la kwanza nililokutana nalo ni kibodi. Baadhi ya kompyuta mpakato ninazoletewa zimenunuliwa Bujumbura au zimevuka ziwa kutoka Kalemie, Kongo, na kibodi zake ni za Kifaransa: tulipozoea Q pana A, tulipozoea W pana Z, na tarakimu hazitoki mpaka ushikilie Shift. Mfumo ukidhani kwamba kibodi ni ya Kimarekani, unachobonyeza sicho kinachotokea kwenye kioo, na unapoandika amri inayogusa diski ya mtu hilo ni jambo la hatari. Dawa yake ni chaguo liitwalo setkmap, ambalo nimeliandika kwenye faili la mipangilio lililo katika folda ya sysrescue.d. Kwa kuwa ndani ya Ventoy huwezi kuhariri yaliyomo kwenye ISO, nilitumia zana ya sysrescue-customize, inayoifungua ISO, kuongeza mafaili yangu na kuifunga upya. Sasa orodha yangu ina SystemRescue mbili, moja ya kawaida na moja ya kibodi ya Kifaransa. Andikeni faili hilo kwa uangalifu, kwani nafasi za mwanzo wa mstari zina maana, na alama ya Tab hairuhusiwi.

Jambo la pili ndilo linaloniuma zaidi. Niliwahi kuletewa kompyuta ya karani wa mizigo ya bandarini, diski yake ikitoa mlio wa kugonga, nami kwa haraka nikaanza kurekebisha mfumo wa mafaili kwenye diski ileile iliyokuwa inakufa. Hesabu za miezi kadhaa hazikupatikana tena. Diski inayogonga hairekebishwi, inanakiliwa kwanza, na ddrescue hufanya hivyo kwa busara: huchukua kwanza sehemu zilizo nzima, kisha ndipo hurudia zile mbovu, huku ikiandika kwenye faili la ramani imefika wapi. Faili hilo la ramani, ndugu zangu, lisiachwe kamwe kwenye mfumo uliowaka kutoka kwenye flashi, kwa sababu mafaili unayoyaunda humo hukaa kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na umeme ukikatika kwenye kompyuta ya mezani yote hupotea. Lihifadhini kwenye diski ya nje pamoja na nakala, na umeme ukirudi mtatoa amri ileile, nayo itaendelea pale ilipoishia.

Kuna pia Secure Boot, ulinzi wa kompyuta unaozuia kuwashwa kwa mfumo usioidhinishwa. Ventoy huitambua, lakini mara ya kwanza huomba ufunguo wake usajiliwe kwenye mashine, yaani unaacha alama kwenye kompyuta ya mtu, na mimi sifanyi hivyo bila ruhusa yake. Kuizima Secure Boot nako kunahitaji tahadhari: ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker, usimbaji wa Windows, Windows inaweza kudai ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Muulizeni mteja kama anao kabla hamjagusa chochote.

Kuhusu flashi yenyewe, msiamini ukubwa ulioandikwa juu yake. Ziko zinazojitangaza kuwa na GB nyingi huku ndani zikiwa na chache, na ukizidisha, mafaili ya nyuma huharibika bila onyo. Programu ya f3 huijaza flashi yote kisha huisoma tena, na ndiyo ninayoitumia kabla ya kusakinisha Ventoy.

Uamuzi wangu ni kwamba fundi wa hapa aitengeneze, ila awe na flashi ya pili yenye SystemRescue peke yake, kwa sababu nimeshakutana na mashine za zamani ambazo orodha ya Ventoy haikufunguka kabisa. Hii ya pili mnayoiona ni ya GB 8, nimeipangia FAT32, na mipangilio yake naihariri moja kwa moja bila kuifungua ISO. Zote mbili nimezijaribu kwenye mashine tatu zilizoko dukani, moja ikiwa ya kibodi ya Kifaransa, kabla ya kuziweka kwenye mkoba wa kazi.