Mafuta ya Mbao Yanayogandishwa kwa UV na Taa Zake: Kipi Ununue, Kipi Ukiache Dukani

Malalamiko yanayonifikia kuhusu mafuta ya mbao yanayogandishwa kwa mionzi ya UV, yaani urujuanimno, yanafanana mno. Fundi amepaka uso wa meza, amepitisha taa, uso umekuwa mkavu na mgumu papo hapo kama alivyoahidiwa, kisha baada ya siku kadhaa anakuta vitone vinavyong'aa, vidogo kama kichwa cha pini, vimejipanga kufuata nyuzi za mbao, na akivigusa vinanata. Akirudi kwa muuzaji huambiwa kwamba alipaka mengi kupita kiasi, au kwamba taa yake haina nguvu, na mara nyingi huondoka pale na taa ya pili. Mwongozo huu nimeuandika kwa sababu ya vitone hivyo. Sitazungumzia rangi, mng'ao wala harufu, kwa kuwa hayo yamejaa kwenye kila kopo na tofauti zake ni ndogo kuliko matangazo yanavyotaka tuamini.

Chanzo cha vitone ni namna mafuta haya yanavyoganda. Mafuta ya kitani na ndugu zake huganda kwa kunyonya oksijeni ya hewani, kwa hiyo hata tone lililojificha kwenye ufa hufikiwa, ingawa polepole. Mafuta ya UV ni ya akrilati, aina ya kemikali zinazogeuka kuwa plastiki ngumu, yakiwa yamechanganywa na kiasi kidogo cha kemikali inayonasa mwanga na kuanzisha mwitikio. Palipofikiwa na mwanga wa kutosha, yote huganda ndani ya sekunde chache. Pasipofikiwa, hayatarajiwi kuganda leo wala mwakani. Sasa uangalie ubao wa mwaloni au wa mvule kwa kioo cha kukuzia. Kila kinyweleo ni mfereji mwembamba unaozama chini ya uso kwa mshazari, na taa iliyosimama juu yake huuona mdomo tu. Wala mwanga haupenyi kuta za mfereji huo kwa urahisi, kwa sababu lignini, ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mbao yenyewe, hufyonza UV. Mafuta ya mdomoni huganda na kuwa kizibo, ya chini hubaki majimaji, na siku ubao ukipata joto, iwe ni jua la dirishani au sufuria ya moto, hewa iliyonaswa humo hutanuka na kuyasukuma nje.

Hili si suala la urembo peke yake. Akrilati ambayo haijaganda ni miongoni mwa vitu vinavyofahamika sana kwa kusababisha mzio wa ngozi, na wanaotengeneza kucha na mafundi wa meno wamekwisha kuyaona madhara yake. Mwili ukishaanza kuikataa, kwa kawaida huikataa maisha yote. Meza inayotoa vitone haipaswi kuliwa juu yake mpaka tatizo limekwisha.

Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza, na kwa kweli ndicho kilichoamua orodha yote inayofuata, ni hatima ya mafuta yale yasiyoonwa na taa. Kukipima hakuhitaji maabara. Chukua kipande cha ubao uleule utakaoutumia, ukipake na kukigandisha kama kawaida, kisha ukikate kwa patasi kali kwa mshazari, ukivuka nyuzi, mpaka uone vinyweleo vimefunguka ubavuni. Vaa glavu, ukandamize karatasi ya tishu nyeupe kwenye mkato kwa muda, halafu uinue. Mafuta yaliyoganda hayaachi kitu. Yasiyoganda hujichora kwenye tishu kwa mistari myembamba kama uzi, kila mstari ukiwa ni kinyweleo kimoja, na hapo huhitaji tena maelezo ya muuzaji.

Nafasi ya kwanza naipa jozi ya mafuta ya UV yenye njia mbili za kuganda na taa bapa ya LED ya nanomita 365, namba ambayo ni urefu wa wimbi la mwanga wake. Mafuta ya namna hii huganda usoni kwa mwanga, na sehemu iliyobaki gizani huendelea kuganda yenyewe, ama kwa kunyonya oksijeni kama mafuta ya kitani ama kwa kigumishi kinachochanganywa kabla ya kupaka. Unapata ile faida iliyokuleta kwenye UV, yaani kuweza kubeba kazi na kuipangilia siku hiyohiyo, na wakati huohuo unayaachia muda yale yaliyozama. Kasoro yake ni kwamba watengenezaji wengi huyauza kwa viwanda vya sakafu na hawajali fundi anayetaka lita moja. Tena wauzaji wa rejareja mara nyingi hawajui kama bidhaa waliyo nayo ni ya njia mbili au ya mwanga peke yake. Uliza swali moja tu: sehemu isiyomulikwa itaganda? Asipoweza kukujibu, omba karatasi ya maelezo ya kiufundi, na kama haipo, usinunue.

Kuhusu taa yenyewe, sifichi kwamba napendelea zile zenye chipu za Nichia, kampuni ya Japani ambamo Shuji Nakamura alifanya kazi yake ya LED ya buluu iliyomfanya awe miongoni mwa walioshiriki Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Sababu yangu si Nobel. Chipu zao za nanomita 365 hutoa kweli nanomita 365, jambo ambalo lingepaswa kuwa la kawaida lakini si la kawaida. Taa nyingi zinazouzwa kwa jina la UV hutoa nanomita 395 au 405, mpakani kabisa mwa mwanga unaoonekana, na ndiyo maana humulika zambarau kali. Mnunuzi huziona zina nguvu kwa sababu jicho lake linaziona. Taa safi ya 365 huonekana hafifu, karibu nyeupe iliyofifia, na watu huirudisha dukani wakidhani ni mbovu. Kama kemikali iliyomo kwenye mafuta imetengenezwa kunasa 365, ile zambarau yote ni mapambo.

Kuna hali moja ambapo nageuza shauri langu. Mafuta meupe hupata weupe wake kwa dioksidi ya titani, na poda hiyo hufyonza karibu mionzi yote iliyo chini ya nanomita 380 au zaidi kidogo. Taa ya 365 itagandisha utando wa juu na kuacha uji chini yake. Kwa mafuta meupe nunua taa ya 395 au 405, na uhakikishe kwamba mafuta yenyewe yametengenezwa kwa taa hiyo. Mafuta meusi ni magumu zaidi, na kwa mikono yako peke yako ningekushauri uyaache.

Umbo la taa lina uzito kuliko watu wanavyofikiri. Tochi hutupa duara lenye kitovu kikali na kingo dhaifu, kwa hiyo ukiivutia juu ya ubao mpana unaacha michirizi iliyoganda nusu, ambayo hujitokeza baadaye kama mistari isiyong'aa. Taa bapa yenye chipu nyingi zilizopangwa safu humulika sawasawa zaidi, na ikiwa na mshikio unaweza kuiinamisha kufuata nyuzi, mara kuelekea upande huu na mara upande wa pili, ili mwanga uingie kwenye midomo ya vinyweleo kwa pembe yake. Mwinamo huo hauleti muujiza, ila kwenye jaribio la tishu tofauti yake huonekana. Angalia pia kama taa ina mapezi ya chuma ya kupooza na feni, kwa sababu chipu ya LED ikipata moto nguvu yake hushuka, na taa isiyo na mapezi hayo huanza ubao wa kwanza vizuri na kuumaliza wa tatu ikiwa imechoka.

Hapa lazima niseme neno kuhusu wati. Taa huuzwa kwa wati za umeme unaoingia, ilhali mafuta hugandishwa kwa nguvu ya mwanga unaotua juu ya ubao, ambayo hupimwa kwa miliwati kwa kila sentimita ya mraba. Namba hiyo haina maana bila kutaja umbali, kwani ukiongeza umbali wa chanzo kidogo cha mwanga mara mbili, nguvu inayotua hubaki robo. Muuzaji anayeandika wati 100 kwa herufi kubwa na kunyamaza kuhusu urefu wa wimbi, nguvu inayotua na umbali hajakuambia chochote, na nashindwa kuamini kwamba hajui. Kero nyingine ni bei. Taa yenye chipu zilezile huuzwa kwa bei moja ikiitwa ya kukaushia gundi, na kwa bei ya juu mno ikiwekewa picha ya meza na kuitwa ya mbao. Zipo pia seti zinazouzwa mafuta na taa pamoja, ambapo mafuta yanakubali taa ile tu na hakuna mahali palipoandikwa urefu wa wimbi. Lengo ni kukufunga, na siku taa ikiharibika utagundua kwamba makopo uliyobaki nayo hayana kazi.

Nafasi ya pili itawashangaza waliotarajia UV tu, kwa kuwa haina taa kabisa. Ni Rubio Monocoat Oil Plus 2C kutoka Ubelgiji, na kwa viti, nakshi, miguu ya kuchongwa kwa mashine na chochote chenye kona nyingi ningeichagua kabla ya mafuta yoyote ya UV. Ina sehemu mbili unazochanganya kwa uwiano wa tatu kwa moja, unapaka, unasubiri kidogo na kufuta yote yaliyobaki juu, na mtengenezaji hutaja siku 7 kwa kukomaa kabisa ikiwa umetia kigumishi. Siku 7 ni nyingi kwa mtu aliyezoea sekunde, nakubali. Hata hivyo gizani inaganda kama mwangani, na vinyweleo si tatizo lake. Kigumishi chake ni cha aina ya isosianati, hivyo glavu na hewa ya kutosha ni lazima, na vitambaa ulivyofutia uvitandaze vikauke au uvizamishe majini, kwa sababu vitambaa vyenye mafuta yanayonyonya oksijeni vikirundikwa vinaweza kuwaka vyenyewe.

Mafuta ya UV ya mwanga peke yake yanashika nafasi ya tatu, na hapo nayakubali kwa mbao bapa zenye nyuzi zilizoshikana tu. Ukitaka kuyatumia kwenye mbao zenye vinyweleo vikubwa, jaza vinyweleo kwanza. Solarez ya Marekani, kampuni inayojulikana kwa dawa za kuziba ubao wa kuteleza mawimbini, ina kijazio cha UV cha mbao ambacho watengenezaji wa magitaa hukitumia kwa kazi hiyo, na huganda hata kwa jua. Kipake kwa tabaka nyembamba, ukikwangua ziada na kugandisha kila tabaka, kwani ukikishindilia kwa mkupuo mmoja unarudi kwenye tatizo lilelile.

Taa za zebaki naziweka ya nne, tena kwa heshima kidogo. Hutoa mawimbi mengi kwa pamoja, yakiwemo 254, 313 na 365, na yale mafupi husaidia kukausha uso kabisa, mahali ambapo LED husumbuliwa na oksijeni ya hewani inayozuia tabaka la juu kabisa lisigande na kuliacha na unato. Lakini zinahitaji dakika za kupata moto, ukizizima haziwaki tena mpaka zipoe, baadhi hutoa ozoni, na balbu ikivunjika una zebaki sakafuni. Kwa kiwanda, sawa. Kwa karakana ya mtu mmoja, hapana.

Tochi za zambarau za bei ndogo na taa za kukaushia kucha zinafaa kurekebisha sehemu ya ukubwa wa sarafu tu. Jua ni la bure na linagandisha, ila UVA yake, yaani ile sehemu ya UV yenye mawimbi marefu, huwa miliwati chache tu kwa sentimita ya mraba, na wingu moja likipita hesabu yako imeharibika.

Mwisho, miwani na makopo. Miwani ya kinga ya polikaboneti isiyo na rangi huzuia vizuri nanomita 365 lakini huanza kupitisha mwanga karibu na 385, hivyo mwenye taa ya 395 au 405 anahitaji miwani yenye rangi ya manjano au chungwa iliyoandikwa kwamba inazuia wimbi hilo. Glavu ziwe za naitrili, na uzibadilishe mara zikilowa, maana akrilati hupenya zile nyembamba, na za mpira wa kawaida hazifai kabisa. Mafuta yenyewe yanunue kwenye kopo lisilopitisha mwanga, na ukiyahamishia kwenye chombo kingine usikijaze mpaka mdomoni, kwa sababu dawa inayoyazuia yasigande yenyewe kwenye hifadhi hufanya kazi kukiwa na hewa. Soma tarehe ya mwisho kabla ya kulipa. Nimeona makopo mengi yaliyobandikwa kibandiko cha bei juu ya tarehe hiyo. Kibandue hapohapo kaunta, mbele ya muuzaji.