GB 8 zilizogeuka 3.2: uzoefu wangu na Windows 10 ya biti 32

Nilinunua kompyuta mpakato iliyokwisha kutumika katika duka moja la Kampala, kwa ajili ya kazi yangu ya kuchapa na kupanga tasnifu za wanafunzi huku Wandegeya. Ilikuwa na RAM (kumbukumbu ya muda ambamo kompyuta hufanyia kazi) ya GB 4, nami nikalipa shilingi 120,000 zaidi ili iongezwe iwe GB 8. Siku ya kwanza tu, nilipofungua tasnifu ya kurasa 300 yenye picha nyingi huku kivinjari kikiwa wazi, mashine ilianza kukwama, na herufi nilizozibofya zikawa zinatokea baada ya mimi kumaliza sentensi. Nilipotazama ukurasa wa taarifa za mfumo nilikuta RAM iliyomo ni GB 8, lakini inayotumika ni GB 3.2.

Nilimrudia muuzaji. “Ssebo, nane zote zimo humo,” alinijibu, na kwa kweli hakudanganya, kwani vipande viwili vya GB 4 vilikuwa mahali pake. Kasoro ilikuwa kwenye mfumo endeshi alioniwekea, yaani programu kuu inayoiendesha kompyuta: ilikuwa Windows 10 ya biti 32. Mfumo wa biti 32 huipa kila baiti (kipande kidogo cha kumbukumbu) anwani yenye tarakimu 32 za sifuri na moja, na anwani za namna hiyo haziwezi kuzidi 4,294,967,296, yaani GB 4. Hata hizo haziiendei RAM zote, kwa kuwa kadi ya michoro na vifaa vingine hutengewa fungu lao humo humo. Prosesa za Intel zimekuwa na njia ya kurefusha anwani hadi biti 36 tangu Pentium Pro ya mwaka 1995, na Linux ya biti 32, mfumo endeshi mwingine, huweza kuitumia kuvuka mpaka huo, ila Windows 10 ya biti 32 imefungiwa kwenye GB 4, iwe toleo la Home au la Pro. Home ya biti 64 hufika GB 128.

Kutoka biti 32 kwenda 64 hakuna njia ya mkato. Nilinakili faili zangu kwenye diski ya nje, nikafuta kila kitu na kusakinisha upya, shughuli iliyonimalizia Jumamosi nzima, umeme nao ukikatika mara mbili. Leseni ilikubali ile ile, bila malipo mapya.

Sasa tasnifu mbili na kivinjari hufanya kazi pamoja bila kusuasua. Mfumo wa biti 32 kwenye mashine ya GB 8 naupa nyota mbili kati ya tano, na wa biti 64 naupa nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya printa yangu ya zamani, ambayo programu yake ya kuiendesha ilitengenezwa kwa biti 32 pekee, na hadi leo haijatambuliwa.